Shoga yangu amemwanika mwanangu stetasi

Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nina shoga yangu niliyekutana naye kidato cha kwanza shule ya bweni, tukalala dabodeka moja miaka minne, yeye juu, mimi chini. Tuliolewa mwaka mmoja, na wanetu wa kwanza wamepishana miezi miwili tu: wangu wa kiume, wake wa kike. Wana miaka 9, wanasoma darasa moja na wanapanda basi moja la shule. Nilipojifungua mtoto wa pili kwa upasuaji, yeye ndiye aliyemchukua mkubwa wangu akakaa naye wiki mbili, na kila jioni akiniletea uji kwenye chupa. Nayasema haya ujue kuwa siandiki habari za mtu wa njiani.

Mwaka jana mumewe alihamishiwa Mtwara kikazi. Tangu hapo shoga yangu anauza nguo za watoto. Anazichukua Kariakoo, wanawe wanazivaa, anawapiga picha, anaweka stetasi, bodaboda anapeleka kwa mteja. Mara nguo, mara keki ya siku ya kuzaliwa, mara ripoti ya shule ya binti yake: "Wa pili kati ya 45, Mungu ni mwema." Mwanangu alikuwa wa 31. Kabla sijapiga mswaki nimeshaiona asubuhi ya nyumba yao yote. Hata kumpigia nilikuwa nimeacha, maana habari zake zote nazikuta humo.

Likizo ya Juni mwanangu alienda kulala kwao. Usiku akakojoa kitandani. Bado humtokea mara mojamoja, na shoga yangu analijua hilo kwa sababu nilimwambia mwenyewe. Asubuhi alimrekodi video akitoa godoro uani kulianika, mtoto anajificha uso, akaandika juu yake "Kikojozi wetu kaamka" na vikatuni vya kucheka, akaiweka stetasi. Wazazi wengi wa darasa lao wana namba yake kwa sababu ya nguo. Shule zilipofunguliwa, mwanangu alikuta ameshapewa jina: Godoro. Sasa kila Jumatatu tumbo linamuuma, na habari za kwenda kwa anti yake hataki hata kuzisikia.

Nilimwandikia ujumbe mrefu usiku. Akanijibu: "Jamani utani tu, mbona unakuza mambo? Kwani sisi hatukuchekwa? Si tumekua?" Nikapiga skrinishoti jibu lake nikawatumia rafiki zetu wawili wa shule, niwaulize kama kosa ni langu. Sijui nani alimfikishia. Tangu siku hiyo anaweka mafumbo: "Wengine roho zinawauma kwa vya wenzao." Na mimi nikaweka langu. Huu mwezi wa pili hatusalimiani, ila stetasi zake nazitazama zote.

Mume wangu anasema nimzuie namba yaishe. Mama yangu anasema shoga wa miaka yote hiyo hatupwi kwa sababu ya godoro. Nifanye nini, Shangazi?

Mama wa wawili, Tabata

Mwanangu,

Nianze na hukumu, kwa sababu naona ndiyo uliyoifuata. Kwa ile video, shoga yako amekosa, na hakuna utani wa kulifunika kosa hilo. Kwa ripoti ya binti yake hajakukosea chochote. Kwa mafumbo mmekoseana sawasawa. Na kwa ile skrinishoti, mkosaji ni wewe. Hayo ni mambo manne, na wewe umeyaandika kama jambo moja. Ndiyo maana yanakulemea. Uchungu wa video umeuchanganya na uchungu wa ripoti, na shoga yako akisema roho inakuuma kwa vya wenzio, anapata pa kushika. Tuyatenganishe, kila moja lipate dawa yake.

Mtoto kwanza, kwa sababu katika kisa chote hiki ni yeye peke yake ambaye hakuchagua chochote.

Kukojoa kitandani kwa mtoto wa miaka 9 si uvivu wala ukaidi. Katika kila watoto 100 wenye umri wa miaka 7, kati ya 5 na 10 bado hukojoa usingizini, na idadi hupungua kadiri wanavyokua. Mara nyingi ni jambo la ukoo. Waulize wazee wa pande zote mbili, na usishangae ukitajiwa mjomba mmoja anayeheshimika sana. Kibofu kinajaa na mtoto haamki, au mwili wake unatengeneza mkojo mwingi usiku kuliko uwezo wa kibofu. Mpeleke kwa daktari hata hivyo. Usichelewe kabisa kama alikuwa amekaa miezi 6 au zaidi bila kukojoa kisha tatizo likarudi, kama anaumia akikojoa, anapata choo kigumu, anakunywa maji kupita kawaida yake au anakonda. Dalili hizo zinataka aangaliwe maambukizi ya njia ya mkojo na kisukari. Nyumbani, anywe vya kutosha mchana, apunguze jioni, aende chooni kabla ya kulala. Asipigwe na asichekwe, maana aibu haijawahi kumponya mtoto yeyote tatizo hili. Inamfundisha tu kuficha shuka.

Shoga yako anasema na nyinyi mlichekwa mkakua. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Kwenye nyua zetu kikojozi aliimbiwa na watoto wenzake, na wapo waliokua wakasahau. Wapo pia ambao hawakusahau, ila hawajawahi kusema. Lakini hata hao waliosahau walisaidiwa na jambo moja: waliowacheka walikuwa watoto wa uani, jioni wote wakaingia kwenye kombolela, na kicheko hakikubaki mkononi mwa mtu. Stetasi ya WhatsApp huondoka baada ya saa 24, lakini kila aliyeitazama angeweza kuipiga skrinishoti au kuirekodi, na mwenye stetasi asijue milele. Wala mtoto wa darasa la tatu hahitaji kuwa na akaunti yake. Anaazimwa simu ya mama acheze gemu, anakutana na mwenzake na godoro. Ndivyo jina lilivyofika darasani.

Kwa hiyo leo usiku kaa na mwanao. Usimwambie "achana nao", kwa sababu hawezi kuachana na watu anaokaa nao dawati moja. Mwambie kwamba kilichofanyika hakikuwa sawa, kwamba si kosa lake, na kwamba wewe mama yake utazungumza na anti. Mtoto aliyeaibishwa na mtu mzima anahitaji kumwona mtu mzima mwingine akisimama upande wake. Kisha nenda shuleni kwa miguu yako umwone mwalimu wa darasa. Mweleze habari ya jina, umwombe alikomeshe kimyakimya, kwa kuwaita wahusika mmojammoja, bila kulitangaza mbele ya darasa zima. Mwambie na matroni wa basi. Lakini kwenye grupu la wazazi usiandike hata herufi. Ukilalamika humo, wale ambao hawakuiona video wataanza kuuliza nani anayo.

Sasa tuje kwa shoga yako. Kosa lake ni lipi hasa? Kupenda kuposti si kosa. Wengi wetu tunaposti, na yeye anaposti akitafuta riziki. Kosa lake ni kwamba siri ya mwanao ulimpa wewe kwa mdomo wako, na mwanao mwenyewe alilala chini ya paa lake kwa dhamana yake. Vyote viwili vilikuwa amana. Akavichukua akavitoa nje kwa ajili ya kicheko cha asubuhi moja. Angekuwa amefanya hivyo mtu wa mbali, ungekasirika siku mbili ukasahau. Imekuuma miezi miwili kwa sababu aliyefanya ndiye yule aliyekuletea uji.

Wala hukuzi mambo kama anavyosema. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania imeuridhia, unalinda faragha na heshima ya mtoto katika ibara yake ya 10. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa jirani zetu Kenya, Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi milioni 4.55 za Kenya kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Ufaransa imekwenda mbali zaidi: Februari 2024 ilitunga sheria inayowakumbusha wazazi wenyewe kwamba kulinda picha ya mtoto wao ni wajibu wao wa pamoja, na kwamba mtoto ashirikishwe kulingana na umri wake.

Sikutajii haya ili uende ukamtishe shoga yako na sheria. Urafiki wa dabodeka hausuluhishwi kwa vifungu. Nakutajia ili uende kwake ukiwa na uhakika kwamba dai lako lina miguu, usije ukarudishwa nyuma na neno "utani".

Baada ya hapo jiangalie na wewe. Shoga yako alikujibu wewe, usiku, kwenye mazungumzo yenu wawili. Jibu lilikuwa baya, nakubali. Ukalipiga picha ukawapelekea wengine. Unasema ulitaka ushauri. Anayetaka ushauri husimulia tatizo, hapeleki maneno ya mwenzake yalivyo ili yasomwe na kuhukumiwa bila yeye kuwapo. Kosa lako ni dogo kuliko lake, kwa sababu yeye ni mtu mzima anayeweza kujitetea na mwanao hawezi. Lakini ni la aina ileile: umechukua kilichokuwa cha watu wawili ukakiweka mbele ya wengine. Urafiki wenu umevunjwa na tabia hii kutoka pande zote mbili, na ukienda kudai kwake bila kulikiri hilo, atakuona mnafiki, tena atakuwa na haki.

Kuna jambo jingine umeliandika kwa haraka ukalipita. Umesema hata kumpigia ulikuwa umeacha, maana habari zake zote unazikuta humo. Hiyo ilikuwa kabla ya Juni, kabla ya godoro. Nimetafuta katika barua yako siku moja mliyokaa mkazungumza tangu mumewe aende Mtwara. Sijaiona. Ulikuwa unamtazama kila asubuhi, ukadhani mko pamoja.

Na yeye je? Anayeweka stetasi huona orodha ya majina ya waliotazama. Kwa mwanamke aliyebaki na watoto peke yake, jina lako kwenye orodha ile kila asubuhi huenda lilimtosha kuwa salamu. Leo, baada ya ugomvi, jina hilohilo huenda analiona kama upelelezi. Wewe kwa upande wako umeona keki na nguo ukaamini unajua anavyoishi. Hujui kama mume anatuma matumizi. Hujui kama mzigo wa Kariakoo unatoka au umelala ndani. Hujui kama ile "Mungu ni mwema" aliiandika akiwa anacheka au akiwa hana hata ya kununulia bando kesho. Stetasi yake ni duka, na mwenye duka hatundiki madeni yake mlangoni. Mtu aliyekuwa akikueleza mambo hayo amekuwa mtu unayemtazama tu, na wewe umekuwa mmoja wa watazamaji wake. Katika hali hiyo ni rahisi mno mtu kusahau mpaka uko wapi. Haimwondolei kosa, lakini inaeleza kwa nini rafiki mwenye huruma ya kulea mtoto wa mwenzie wiki mbili alifikia kumrekodi mtoto yuleyule akijificha uso.

Kuhusu mafumbo, acheni leo. Wanawake wa pwani tumesemana kwa kanga tangu enzi za bibi zetu, kwa hiyo sikufundishi kuogopa kijembe. Lakini kanga ya fumbo ilikuwa na adabu zake. Ilibidi uende dukani, uichague, uilipie, uipinde, uivae, kisha upite mbele ya mlengwa kwa miguu yako. Naye akitaka kujibu afanye hivyohivyo siku nyingine. Palikuwa na muda wa hasira kupoa, na palikuwa na macho kwa macho. Fumbo la stetasi linaandikwa kwa dakika moja ya ghadhabu na linasomwa na wifi, mwalimu, mteja, bosi na fundi bomba, kila mmoja akijiuliza kama ni yeye anayesemwa. Lako limewafikia watu wasiohusika wangapi? Lake huenda limempunguzia na wateja. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyinyi mmerushiana fimbo miezi miwili.

Basi ufanye nini? Mumeo anasema umzuie namba. Mwambie kwa heshima kwamba hilo litafunga simu, halitafunga kesi, kwa sababu watoto wanapanda basi moja na shule bado ina miaka. Mama yako anasema shoga hatupwi kwa sababu ya godoro. Mwambie kwamba ni kweli hatupwi, ila tatizo si godoro, ni mjukuu wake. Wote wawili wanakutakia heri, na wote wawili wanataka ulipite jambo bila kulizungumza.

Wewe lizungumze. Usiandike ujumbe. Piga simu, na maneno ya kwenye simu yawe machache: "Shoga, nataka kuja kukuona. Ni saa ngapi huna wateja?" Nenda peke yako, bila watoto na bila wale rafiki wawili. Mkishakaa, anza na deni lako, kisha dai lako. Unaweza kusema hivi:

"Shoga yangu, nimekuja na mambo mawili. La kwanza ni langu. Maneno uliyoniambia niliwapelekea wengine. Sikupaswa. Nisamehe. La pili ni la mwanangu. Siri yake nilikupa mimi, na kwako nilimleta mimi. Video ile imempa jina shuleni, na kila Jumatatu tumbo linamuuma. Sijaja kugombana. Nimekuja kukuomba mambo matatu."

Kisha yataje bila kuzunguka. Moja, aifute ile video kwenye simu yake mbele yako, na kama kuna aliyemtumia amwombe aifute. Mbili, azungumze na mwanao mwenyewe, amwambie, "Nilikukosea, sitarudia." Najua kwetu hatujazoea mtu mzima kumwomba radhi mtoto. Wako watakaosema ni kumvimbisha kichwa. Mimi nasema mtoto aliyechekwa na watu wazima hatatulizwa na radhi aliyopewa mama yake sebuleni. Aliyeaibishwa ni yeye, na radhi ni yake. Tatu, kuanzia leo picha, video au sauti ya wanao haiendi popote kabla hajakuuliza, na kukuuliza mara moja hakutoshi kwa mara zote.

Jihadhari na kishawishi kimoja. Ukishaomba radhi kwa la skrinishoti, anaweza kusema, "Basi tumekoseana sote, yaishe." Usikubali haraka. La kwenu wawili linaweza kuisha kwa kusameheana hapohapo. La mtoto haliishi mpaka hayo matatu yatimie.

Ukiwa pale, kabla hujaaga, muulize habari za Mtwara. Uliza kisha unyamaze usikilize. Yawezekana mnalihitaji swali hilo kuliko yote uliyokuja kuyazungumza.

Akikataa je? Akicheka, akisema umeanza tena? Basi utakuwa umejua. Hutamtangaza, hutaweka fumbo, hutakusanya mashahidi. Mwanao hatalala tena kwake, na siri za nyumba yako zitabaki nyumbani. Mtasalimiana shuleni, mtahudhuria misiba na harusi, na akipatwa na shida utamkumbuka yule aliyekuletea uji. Urafiki unaweza kupunguzwa ukubwa bila kutupwa. Lakini sidhani mtafika huko. Mtu aliyekuwa mwema miaka yote hiyo mara nyingi anahitaji tu kuambiwa usoni madhara aliyoyafanya, kwa sauti ya mtu anayempenda.

Limebaki la ripoti. Hapo sina la kumwambia shoga yako. Dawa unayo wewe. Binti wa pili kati ya 45 ni furaha ya mama yake, hata kama namna ya kuionyesha hukuipenda. Mwanao kuwa wa 31 hakukusababishwa na stetasi ya mtu, na usisafirie nyota ya mwenzio. Kama kuitazama kunakuumiza, nyamazisha stetasi zake. WhatsApp inakuruhusu, na yeye hatapewa taarifa. Utabaki na namba yake na sauti yake, ndivyo vitu vya rafiki. Na kama unataka kujua kwa nini mwanao yuko wa 31, muulize mwalimu siku hiyohiyo utakayokwenda kwa habari ya jina. Hata Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, Januari 2023 liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa lilipotoa matokeo ya kidato cha nne. Kama wenye mitihani yao wameona mashindano hayo yanaweza kuachwa, sembuse wewe na ripoti ya darasa la tatu.

Nimepokea kisa cha mama mmoja, lakini wazazi wengi wanaonisoma wamo ndani yake. Kwa hao nina maneno machache. Mtoto wa mwenzio usimweke popote kabla hujamuuliza mzazi wake, hata kama yuko pembeni mwa picha ya keki. Mwanao mwenyewe, akishajua kusema, muulize, na akikataa mheshimu. Mtoto anayelia, anayeoga, anayeumwa, anayeadhibiwa au aliyejichafua si kichekesho cha watu wenye namba yako. Sweta lenye jina la shule, basi lenye jina la shule na saa ya kushuka kituoni ni taarifa ambazo mtu mbaya angezilipia, na wewe unazitoa bure. Na kama biashara yako inahitaji picha za watoto, nguo zinaweza kutundikwa kwenye hanga, au uso wa mtoto ukaachwa nje ya picha, na mteja bado ataona saizi na rangi.

Nawe mwanangu wa Tabata, usisubiri Jumatatu nyingine mtoto aumwe tumbo. Mwone mwalimu kesho asubuhi, na jioni umpigie shoga yako. Mkishaonana, niandikie.

Shangazi